Wenye Simu wa Benchi la Nyuma

Kabla ya kipindi cha mifumo endeshi ya simu, Anania Hatungimana alifuta ubao, akafungua gunia la simu za mazoezi na kuzigawa mezani. Zilikuwa za mitumba, zimenunuliwa sokoni kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nyingine zimepasuka kioo, nyingine zimefungwa kwa raba. Wanafunzi wakaziwasha. Kila simu ilipomaliza kuwaka, mwenyewe alijitokeza kwenye benchi la nyuma: mzee mwenye koti la mvua, mama aliyebeba mtoto mgongoni, kijana aliyekumbatia kuku. Wote walikaa vilevile walivyokuwa siku waliyoziuza.

Hapo somo lilisimama, kwa maana upande huu mtu hafungui mali ya mwenzake aliyekaa nyuma yake kabla hajamsalimu. Wanafunzi walikwenda wakatoa mikono, wakauliza habari za nyumbani, za mihogo, za ng'ombe, za wagonjwa. Wenye simu walijibu kwa kirefu, kwa kuwa habari zao zilikuwa zilezile na walishazizoea. Mkuu wa idara, Bi Veronica, aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga, alilalamika kwamba salamu zinakula nusu ya kipindi. Juu ya wenye simu hakuwa na neno, maana hawakupiga kelele na benchi lilikuwa halina kazi nyingine.

"Kila programu ina chumba chake," Anania alifundisha. "Haiingii kwa jirani, haifungui kamera, haijui hata ilipo, mpaka ipewe ruhusa."

"Ikinyimwa je, mwalimu?" aliuliza Reverien, kijana wa Rungwe Mpya aliyependa kuuliza mpaka wenzake wakaguna.

"Inangoja."

"Inangoja mpaka lini?"

"Kumbukumbu ikibana, mfumo unaanza kutoa zile zisizoguswa muda mrefu. Unazifunga, basi."

Mwishoni mwa benchi alikaa Divine, mfuko wa plastiki mweusi magotini. Simu aliyopangiwa Reverien ilikuwa yake. Kila ilipowashwa aliinua macho, akamwona Anania mbele ya ubao, akamsalimu kwa Kirundi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwiriwe, Anania. Kibali kimetoka?"

"Bado," Anania alijibu, kisha akaendelea na somo.

Walikuwa wachumba. Babu zake Anania walivuka mpaka kutoka Burundi zamani, ukoo ukapewa uraia, yeye akasoma akawa mwalimu wa chuo. Divine alivuka kwenye wimbi la juzijuzi, akaishia kambini. Ili aolewe na kuishi nje ya kambi alihitaji kibali, na kibali kilikuwa mezani kwa mkubwa mmoja ambaye kila walipofika alikuwa ametoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku moja Divine akaambiwa zamu yake ya kurudi imefika, apande basi. Akauza simu apate cha kushika njiani, akaondoka. Alikokwenda hakuna aliyejua, na Anania hakuwa na namba ya kupiga, kwani namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya simu iliyomo kwenye gunia.

Huyu wa benchini alijua mambo yote mpaka siku ile ya kuuza. Mapya aliyajua simu ikiwa inawaka tu. Ikizimwa, yalipotea, kama Anania mwenyewe alivyofundisha muhula wa kwanza: kilichoko kwenye kumbukumbu ya kazi bila kuhifadhiwa, umeme ukikatika nacho kimekwenda. Kwa hiyo kila kipindi alianza upya kungoja. Anania alimpenda, na kila kipindi alimjibu "bado" ileile.

Muhula ulipokaribia kwisha ikatoka ratiba ya mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi angefuta simu yake yote mpaka ibaki tupu, aweke mfumo mpya mbele ya msimamizi. Simu ikifutwa, mwenyewe haonekani tena. Anania akaenda kumwomba Bi Veronica simu moja iachwe.

"Mwalimu, pole sana," Bi Veronica alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini mali ya chuo haitoki. Na tukimwacha mmoja, kesho kila mwanafunzi ana shangazi yake benchini. Halafu huyo kijana wako afanyie mtihani kwenye nini?"

Anania alijua hakuna simu ya ziada. Bila ile, mwaka wa Reverien ungepotea. Akaomba basi aazimwe mpaka siku ya mtihani, akaruhusiwa.

Jumamosi aliiwasha chumbani kwake, akaiunganisha na betri ya sola ya jirani. Divine akatokea kwenye kiti kando ya dirisha, akauliza lile la siku zote.

"Kimetoka," Anania alisema. "Twende kwetu Kumsenga, mama akuone."

Divine akasimama na mfuko wake. Walitembea kufuata barabara ya Kibondo, simu mfukoni mwa Anania, betri begani, waya ukining'inia. Njiani akamweleza yote: gunia, benchi, somo, na jinsi anavyouliza swali lilelile kila simu inapowaka. Divine alisikiliza huku akitazama migomba na watu wanaotoka shambani. Alicheka mara moja tu, aliposikia habari za kijana wa kuku.

Njia ya mwongo ni fupi. Nje ya mji palikuwa na kizuizi, na askari wake, Makarius, alimfahamu Anania.

"Karibu mwalimu. Dada namwona. Kibali chake ndicho sikioni."

"Ni wa simu, afande."

"Najua ni wa simu, si napishana nao kila siku? Wa simu, wa miguu, agizo ni moja." Kisha akapunguza sauti, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Mzime, pita. Ukifika mbele huko unamwasha. Magunia mangapi ya simu yameshapita hapa!"

Anania akatia mkono mfukoni.

"Usinizime," alisema Divine. "Njia yote hii nimeiona leo. Ukinizima nitaamka kwenu nikikuuliza kibali, mbele ya mama. Nimechoka kuvushwa nimelala."

"Kumbe ulijua hakijatoka?"

"Ukidanganya unatazama viatu. Nilijua toka chumbani. Nilitaka kutembea na wewe."

Makarius akawaletea benchi. Wakakaa wakitazama barabara inavyoteremka kuelekea Kibondo mpaka jua likawa kali, ndipo wakarudi. Tangu hapo Anania hakuiacha simu izime hata dakika moja. Waliongea sana, habari za siku zile na za sasa, na kwa mara ya kwanza alichokisema asubuhi mwenzake alikuwa bado nacho jioni.

Jumatatu ya mtihani Divine aliingia ukumbini akiwa mwenye simu pekee aliyejua siku hiyo ni ya nini. Hakuuliza kitu. Reverien alipofikiwa alikwenda nyuma, akamsalimu kwa mikono miwili, akauliza habari za wote. Aliporudi mezani kidole kilimgoma. Akamtazama mwalimu.

"Futa, mdogo wangu," Divine akamwambia. "Usifeli kwa ajili yangu." Kisha akamgeukia Anania. "Mama msalimie. Mwambie nilikuwa njiani."

Reverien akafuta. Mfumo mpya ukawaka, ukamkaribisha mtumiaji na kumtaka achague lugha. Msimamizi akakagua, akasema kazi ni safi, hakuna kilichobaki. Anania akampa alama zote, akamwita anayefuata.

Juma lile akapanda gari kwenda Kumsenga. Kizuizini walimpungia mkono apite. Mama yake, Kezia, alikuwa akipakua ndizi na maharage. Anania akatoa salamu, akaeleza kwamba Divine alikuwa njiani ila amekwama.

"Kwenye kizuizi kipi?" Kezia aliuliza.

Akamtajia. Kezia akatikisa kichwa, maana hata yeye alikijua. Akapakua sahani mbili, yake na ya Anania, kisha akachukua sahani nyingine, akaijaza, akaifunika na kuisogeza karibu na moto.

"Chakula cha mtu aliye njiani hakiliwi," akasema. "Wewe kula."