Pikapu ya Ndegwa Imekataa Kuwaka

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha dereva, mkono kwenye ufunguo, nikimwomba Mungu mume wangu asifaulu. Najua vile inasikika. Mama wa kanisa mzima anaomba gari ya bwanake isiwake! Wacha isikike hivyo.

"Washa!" Ndegwa akaita, kichwa chini ya boneti.

Nikazungusha. Taa za dashibodi zikawaka, injini ikanyamaza. Hata kale kamlio ka "tik" hakakusikika.

"Umezungusha mpaka mwisho, Mama Emmah?"

"Nizungushe mpaka wapi tena, Baba Emmah? Niuvunje?"

Ngoja nieleze, usinihukumu bure. Ndegwa ana ugonjwa wa sukari. Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Thika na magunia ya chakula cha kuku, mimi nikiwa kando yake, na tulipofika Witeithie sukari ikamshuka. Macho yalikuwa wazi lakini mwenyewe hakuwepo. Pikapu ikaacha lami polepole, ikapanda kando, ikaangusha jiko la mama wa mahindi ya kuchoma. Mama mwenyewe aliruka. Ngai, aliruka! Nilishika usukani huku nikilia, ndipo Ndegwa akashtuka na kukanyaga breki. Na unajua alisema nini? Eti breki zilishika vibaya.

Tulipofika nyumbani Ruiru nikampa ukweli wake: umezeeka, wachana na hiyo gari. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia jioni, nikamwambia mbele ya dada zake. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kuiosha hiyo pikapu. Sikio la kufa halisikii dawa. Halafu akamwahidi binti yetu Emmah kwamba Jumamosi ataenda Juja kuchukua watoto wake, waje wakae na sisi. Wajukuu wangu, kwenye gari hiyo, kwenye barabara hiyo! Hapo maneno yakaniisha.

Nikaenda kwa Kyengo, fundi wa umeme wa magari hapa mtaani, nikamwomba aweke katauti, ile swichi ya siri ambayo watu hufichia wezi. Ukiizima, mwizi atazungusha ufunguo mpaka achoke. Kyengo alikuja Ndegwa akiwa ameenda mazishi, akakata waya ya kwenda kwa stata, ile mota inayoamsha injini, akaificha swichi nyuma ya dashibodi, akaapa kwamba hatasema.

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika, na mzee wangu alikuwa amevaa ovaroli.

"Nimempigia Kyengo," alisema. "Ananiambia yuko Thika. Na nimeona pikipiki yake hapo nje ya duka lake!"

"Labda ameiacha," nikasema, nikiangalia pembeni.

Nilidhani atachoka. Nilikuwa nimesahau nimeolewa na nani. Ndegwa ameendesha magari mabovu maisha yake yote na hakuna siku ameita fundi kabla ya kuuliza gari yenyewe. Alisugua vichwa vya bateri kwa maji moto mpaka ule unga mweupe ukaisha. Akakaza waya ya athi, ile inayofungwa kwenye bodi ya gari. Akaniambia niwashe taa kubwa, halafu nizungushe ufunguo huku yeye akiziangalia.

"Hazikufifia," akasema. "Bateri ni nzima. Na kama stata ingekuwa imekwama, ingevuta moto, taa zingefifia. Stata haijaitwa kabisa."

Akatoa kale kabalbu kake kenye waya mbili, ka kupimia moto, akakagusisha kwenye waya nyembamba ya stata. "Washa!" Nikawasha. Balbu haikuwaka. "Moto haufiki hapa," akasema, kama daktari.

"Weka gia free. Toa ufunguo kabisa."

Akaunganisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi. Cheche zikaruka na stata ikazunguka, gu-gu-gu, gari yote ikatikisika.

"Haya basi, si utakuwa ukiiwasha hivyo?" nikasema. Hata sijui kwa nini nilisema. Uoga hukufanya useme upuzi.

"Aca, hapana," akasema, akipangusa mikono. "Siwezi kubebea watoto wa watu kwenye gari sijui inaumwa wapi. Hebu toka hapo."

Akalala chini ya usukani na tochi, miguu nje mlangoni, akiifuata hiyo waya kidole kwa kidole. Ningeweza kusema wakati huo. Nikasikia tepu ikibanduliwa.

"Mama Emmah."

"Eee."

Alijiinua, akaketi kwenye kiti, akabonyeza kitu nyuma ya dashibodi, akazungusha ufunguo. Pikapu ikawaka mara moja, vizuri kabisa. Mimi nikakimbilia geti, nikasimama katikati na mikono nimeitandaza, na kanga yangu ikaanguka nikaiacha hapo chini.

"Utanikanyaga mimi kwanza!"

Ndegwa akatoa kichwa dirishani. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Katauti ni ya wezi, Wangeci. Mimi naiba gari yangu?"

"Ni mimi nilimtuma Kyengo!" nikapiga kelele, majirani wasikie wakitaka. "Mimi! Kwa sababu naogopa! Siku ile Witeithie nilikuita jina ukaniangalia na hukunijua. Umesikia? Hukunijua! Kila ukitoka na hiyo gari naketi jikoni nangoja simu ya polisi. Nimechoka kuogopa, Ndegwa. Nimechoka!"

Akazima injini.

"Hukuniambia unaogopa," akasema. "Uliniambia nimezeeka."

Nikaishusha mikono.

"Lile jiko sikuliona," akaendelea, akiangalia mikono yake yenye grisi. "Wala yule mama. Nilisikia tu mtu akilia mbali, na nilipoamka ni wewe. Tangu siku hiyo nikishika usukani mikono inatoka jasho. Ungesema unaogopa, ningekuambia hata mimi naogopa."

Nilienda nikasimama kando ya mlango wake. Nilitaka kumshika na sikujua nianzie wapi, kwa hivyo nikamshika bega. Simu yake ikalia. Alikuwa Emmah, na Ndegwa akaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa chafu.

"Baba, watoto wamevaa wako tayari wanakungoja. Ile gari uliyosema imekataa imepona?"

Ndegwa akanitazama, halafu akatazama barabara nje ya geti.

"Walete wewe, mama," akamwambia bintiye. "Gari ni nzima. Ni mimi siko mzima."