Hadithi Aliyosomeshwa Limi Karashani

Nyundo ya kwanza ilimshukia Herman kwenye vidole vya mkono wa kulia. Limi, mwanawe aliyekuja likizo na sasa akimletea bakuli la ugali, alisikia mifupa ikivunjika kabla hajawatambua watu waliomzunguka baba yake. Ilikuwa saa saba mchana pale machimboni Rwamgasa, jua la utosi, na karasha la Herman lilikuwa bado linaunguruma likisaga mawe ya dhahabu. Mmoja wao aliizima mashine. Kukawa kimya, na katika kimya kile Limi akamsikia baba yake akilia kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Walikuwa wanaume sita. Aliyeshika nyundo ni Masalu, mdogo wake marehemu Maige.

Maige alikuwa mwenza wa Herman shimoni. Miaka tisa nyuma walishuka wawili kwenye duara, shimo lao la dhahabu, akapanda mmoja. Herman alisema jiwe limeporomoka likamwangukia mwenzake. Watu walizika, wakanyoa, wakarudi kazini, maana mgodini jiwe halihitaji sababu ya kuanguka.

Limi wakati ule alikuwa darasa la saba. Sasa alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea uandishi wa kubuni, masomo ambayo mama yake, Mariana, alikuwa hajui awaeleze vipi majirani. Mhadhiri wao, Mwalimu Rhoda, aliwaagiza kila mmoja achukue kifo cha kwao kinachojulikana na wote, kisha aulize swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Limi alichukua kifo cha Maige. Akabuni kwamba halikuwa jiwe. Akabuni mwenza aliyeuona mkanda wa dhahabu mwambani, akatamani uwe wake peke yake, akampiga mwenzake nyundo ya kisogo. Majina aliyabadilisha. Lakini ile tochi ambayo Maige alikuwa akiifunga kichwani kwa kipande cha kanga ya mkewe aliiacha kama ilivyo, kwa kuwa ilikuwa nzuri mno kuibadili.

Hadithi ilisifiwa, ikachapwa kwenye kijitabu cha idara. Mwanafunzi mmoja wa Masumbwe, mkoani kwao, aliipiga picha akairusha kwenye makundi ya simu. Wiki haikuisha, Rwamgasa nzima ilikuwa imeisoma, na hakuna aliyeisoma kama hadithi. Walisema mtoto ameona aibu kusema, ameandika. Lisemwalo lipo.

"Soma," Masalu alimwambia, akimpa simu yake. "Soma wote wasikie. Kila utakapoweka kituo, sisi tutapiga."

Wawili walikuwa wamemlaza Herman kifudifudi juu ya mchanga wa marudio, uliobaki baada ya dhahabu kuoshwa. Limi alisoma sentensi ya kwanza. Mpini wa sururu ulimshukia baba yake mgongoni. Akasoma ya pili. Mpini ukashuka tena, safari hii mbavuni, na Herman akatapika.

Chuoni alikuwa amesifiwa kwa sentensi zake fupi. Ukurasa wote ulijaa vituo. Kufikia sentensi ya tano baba yake alikuwa akitoa damu puani, na ndipo Limi alipoanza kuziunganisha. Aliposhuka akawasha tochi na tochi ikamulika ukuta na ukuta ulikuwa unatoa maji na mwenzake alikuwa ameinama na akamwita na hakuitika, akaendelea hivyo bila kupumua, akiogopa kufika mwisho wa chochote, pumzi zikimwishia, machozi yakiingia mdomoni, na wale wanaume wakisimama na mipini juu wakisubiri. Alipofika pale penye nyundo alisema dari ikalia na jiwe likaanguka na likamfunika.

"Anaruka," alisema mmoja aliyekuwa akifuatisha kwenye simu yake. "Hapa imeandikwa nyundo."

Masalu alimpiga Limi ngumi ya mdomo. Akaanguka, akatema jino kwenye kiganja. Kisha, akiwa pale chini, aliwaona wakiuvunja mguu wa baba yake kwa mapigo matatu, kama watu wanaopasua mwamba.

Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, ndizo zilizomwokoa Herman. Chacha, mwenye karasha la jirani, alikuwa amekimbia kuwaita, na walipofika na marungu yao wale sita walitawanyika. Masalu alikamatwa siku ileile njiani, shati likiwa na damu.

Polisi walimuuliza Limi kama aliyoyaandika ni kweli. Aliapa kwamba ni kazi ya darasani, kwamba kila neno alilitunga mwenyewe kitandani bwenini. Aliandika maelezo hayo akayatia saini, na hakuwa amedanganya.

Siku ya tatu, hospitalini, Herman alifumbua jicho moja lililobaki linafumbuka. Mariana alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Limi alipiga goti akamwamkia. Herman hakuitikia marahaba.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

Limi alijibu kwamba hakuambiwa na mtu, alibuni.

"Tulikuwa wawili tu mle," alisema Herman. "Nani alikuambia?"

Akaeleza kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta. Hapakuwa na dhahabu yoyote. Waligombana nani atangulie kuingia kwenye upenyo mwembamba, Maige akamcheka kuwa ni mwoga, na nyundo ilikuwa mkononi mwa Herman. Tena Maige hakufa palepale. Alikoroma mpaka jioni, na Herman alikaa naye, akiogopa kumpandisha akiwa hai. Ndipo aliposukuma mawe yamfunike.

Limi alitoka nje. Alimwogopa baba yake, na hapohapo alitaka kurudi ndani amfunike miguu.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi kwa Juliana, mjane wa Maige. Juliana alikuwa akianua mpunga kwa ungo. Limi alipiga magoti, akamwamkia, akamwambia yote. Juliana alisikiliza hadi mwisho bila kuuacha ungo.

"Mimi ndiye niliyekiosha kichwa chake," alisema. "Shimo lilikuwa nyuma. Wakaniambia jiwe nalo huangukia nyuma. Niambie kimoja, ng'wana wane, mwanangu. Alikufa mara moja?"

Kwenye hadithi yake, Limi alikuwa amemuua Maige kwa sentensi moja. Sasa alisema hapana, alikoroma mpaka jioni.

Juliana alimpiga kwa ungo, kisha kwa mikono, usoni, shingoni, pale penye pengo la jino. Limi hakujikinga. Juliana alipochoka aliketi chini kwenye mpunga uliomwagika, akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Baadaye aliosha uso, akajifunga kanga, wakaondoka wote wawili kwa miguu hadi kituo cha polisi, Limi akaomba karatasi nyingine ya maelezo.

Herman alisomewa shitaka akiwa kitandani, pingu imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Masalu naye alihukumiwa miaka minne kwa kumvunja Herman vidole na mguu. Mariana alihamia kwa dada yake aishiye Maganzo, na kila Limi anapompigia, simu huita hadi inakatika yenyewe.

Chuoni alirudi muhula ulipofunguliwa. Mwalimu Rhoda alimwambia anaweza kuahirisha mwaka. Limi alikataa, akaenda kukaa mahali pake darasani, safu ya pili, karibu na dirisha.