Siku Yuelan Alipotoroka Kwenda Ukutani

Tao Min alipofunga mlango kwenda kazini, mama yake, Qiu Yuelan, alisimama kimya sebuleni akisikiliza mpaka lifti iliposhuka na mlio wake ukapotea. Ndipo akavua kandambili, akavaa viatu vya kutembelea alivyokuwa amevificha nyuma ya mfuko wa mchele, akashika mkongojo wake na kutoka.

Ilikuwa siku ya kumi na sita ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina. Jana yake watu walikuwa wamesherehekea Sikukuu ya Taa, na leo, kama kila mwaka, mji wa Nanjing ulikuwa unapanda ukuta wake wa kale. Huko juu, watu huamini, mtu hutembea na kuyaacha magonjwa ya mwaka mzima, kisha hushuka akiwa mwepesi. Yuelan hakuwahi kuikosa siku hiyo tangu enzi za kubebwa mgongoni na mama yake. Lakini vuli iliyopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akatiwa vyuma hospitalini, na Min akamhamishia kwake, kwenye ghorofa ng'ambo ya Mto Yangtze. Huko akamwekea sheria: matembezi ni ya kwenye korido tu, kutoka mlangoni hadi kwenye lifti, na kurudi.

"Mimi nimekuwa kuku wa kizimba," alikuwa amemlalamikia shoga yake, Hao Sulian, kwenye simu.

"Basi kuku na atoroke," Sulian alijibu. "Nitakusubiri kwenye kona ya kichochoro chetu. Ukichelewa nakwenda na mume wa mtu."

Wawili hao walifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo ujana wao wote, wakaishi kichochoro kimoja karibu na lango la kusini, na hakuna jambo la mmoja ambalo mwenzake hakulijua. Yuelan aliposhuka kwenye treni ya chini ya ardhi na kuibuka juani, Sulian alikuwa pale na koti lake jekundu, mfuko wa karanga mkononi, akimkagua kuanzia utosini.

"Umenenepa," alisema.

"Nimefungiwa. Ulitaka nikonde kwa kazi gani?"

Wakacheka, wakashikana mikono, wakaingia vichochoroni. Kuta za matofali ya kijivu zilikuwa bado na taa za karatasi: sungura, samaki, maua ya yungiyungi, nyingine zimelegezwa na umande. Mvuke ulitoka kwenye vibanda vya keki za mchele. Yuelan alinunua moja ya moto, akaivunja vipande viwili, na kila mmoja akala chake huku anajipulizia vidole. Mkongojo uligonga mawe, ko, ko, ko, na kwa mara ya kwanza tangu vuli sauti hiyo haikumchukiza.

Kinyozi wa mtaa, Mzee Chu, alikuwa mlangoni kwake anamnyoa mteja ndevu. Alipomwona Yuelan, wembe ulisimama hewani.

"Yuelan! Si walisema umekufa?"

"Nani kasema?"

"Muuza tofu."

"Mwambie nimerudi kumfuata yeye."

Mteja alicheka na povu lake shavuni mpaka Mzee Chu akamshika kidevu kwa nguvu. "Tulia wewe, nitakukata sikio, halafu watasema nawe umekufa!"

Wakafika kwenye mlango wa nyumba ya Yuelan. Yuelan alitoa ufunguo mfukoni na kufungua. Ndani kulikuwa na baridi, kukitoa harufu ya unyevunyevu na kabati la zamani. Vitu vilikuwa vimepanguswa vumbi. Sulian alitazama pembeni kama vile hahusiki. Yuelan akaketi kwenye kigoda chake cha jikoni, kile alichokalia miaka yote akichambua mboga, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa meza. Hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyefika kwake akatua mzigo.

"Twende," alisema mwishowe. "Nikikaa zaidi nitabandika chai, na tukinywa chai hatupandi ukuta."

Kwenye barabara pana ya mtaa wa kale watu walikuwa wamejaa tele. Msichana mmoja mwenye simu kwenye kijiti alikuwa akizungumza na watazamaji wake wa mtandaoni, na alipowaona vikongwe hawa wakila karanga na kucheka, aliwarukia.

"Bibi, umependeza! Watazamaji wanataka kujua siri ya afya yako."

Yuelan aliitazama simu ile. Alidhani anapigwa picha ya kawaida tu. "Siri yangu ni kumtoroka binti yangu," alisema. "Anaamini niko nyumbani nakunja soksi. Nina vyuma nyongani, mwanangu, vya bei mbaya sana, na ananitaka niviweke kama vyombo vya kabatini. Vyuma ni vya kutembelea!"

Msichana alicheka hadi kijiti kikatetemeka. "Bibi, watu wengi sana wanakuangalia sasa hivi!"

"Wako wapi?" Yuelan aligeuka kutazama nyuma yake.

Haikuchukua muda, simu yake ikaita. Alisoma jina, akampa Sulian kama anayempa kaa la moto.

"Pokea wewe."

"Ni mwanao, si wangu."

"Mwambie niko chooni."

"Ana macho, Yuelan. Kama amekuona, amekuona barabarani."

Waliiacha ikaita mpaka ikachoka, kisha wakaongeza mwendo kadiri nyonga ilivyoruhusu. Walipofika chini ya lango la kusini, kwenye njia pana ya mteremko ambayo zamani ilipandishiwa farasi, teksi ilifunga breki na Min akashuka, na nguo zake za ofisini na viatu vya mchuchumio, nywele zimemtawanyika.

"Mama!"

"Umekula?" Yuelan aliuliza.

"Usiniulize kama nimekula! Ofisi nzima imekuona! Bosi wangu amekuona! Shangazi Sulian, na wewe mtu mzima umemleta mgonjwa huku?"

"Mimi nilikuja kununua karanga," Sulian alisema, "nikamkuta anazurura."

"Msaliti," Yuelan akanong'ona.

Nyuma yao watu walikuwa wamerundikana. Baba mmoja aliyembeba mtoto mabegani alipaza sauti: "Jamani, gombaneni huku mnapanda! Mmetuzibia njia!"

"Kweli kabisa," akadakia mwanamke mwingine. "Ukuta ni mrefu, ugomvi utatosha."

Umati ukasogea, nao wakasogezwa. Kwa hiyo mama na binti walianza kuupanda ukuta wa Nanjing bega kwa bega huku wanagombana: Min kuhusu daktari, mifupa na baridi, Yuelan kuhusu korido, lifti na jirani asiyejua hata salamu. Watu wa karibu walisikiliza bila aibu. Mmoja alimwunga mkono mama, mwingine binti.

Katikati ya mteremko kisigino cha kiatu cha Min kikazama kati ya matofali mawili. Alivuta, kikavunjika. Alipepesuka akielekea chini, na kabla hajaanguka mkono wa mama yake ulikuwa umeshamkamata kwenye kwapa, imara, kama alivyomkamata alipokuwa anajifunza kutembea. Umati ukashangilia.

Min hakushangilia. Alisimama na kiatu chake kilichovunjika mkononi, machozi yakamtoka.

"Siku ile nilikukuta sakafuni," alisema. "Maji yalikuwa bado yanamwagika. Nilikuita hukuitika. Nilidhani umekwisha kufa, mama. Kila nikiwa kazini nayasikia yale maji."

Yuelan hakujua. Miezi yote hiyo alidhani binti yake anamfunga kwa ukali, kumbe ni kwa hofu. Alimvutia ukutani wasikanyagwe, akamfuta uso kwa ncha ya skafu yake.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu ningekusikiliza."

Sulian alimpa Min mkono wa upande wa pili. Min akachechemea juu, kiatu kimoja kirefu kimoja kifupi, katikati ya vikongwe wawili, hadi watu wakadhani yeye ndiye mgonjwa aliyeletwa kuponywa. Huko juu upepo uliwapiga usoni. Mapaa meusi ya mtaa wa kale yalitandaa chini yao, na mfereji ukimeta pembeni.

"Nyonga inauma?" Min aliuliza.

"Inauma. Na wewe kifundo?"

"Kinauma."

"Viacheni hukuhuku vyote," Sulian alisema, "na mtembee. Mimi naacha kisukari."

Wakatembea. Min alipiga simu ofisini akasema anaumwa, na Sulian akamkemea kwa kutaja ugonjwa siku kama ile. Waliposhuka walikwenda kunywa supu ya damu ya bata na tambi, na mezani, baada ya mabishano mengine ambayo hayakuwa na hasira, wakakubaliana: Yuelan atakaa kichochoroni kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, lakini kwanza bafu la nyumba ile litiwe vishikio.

Fundi alikuja Jumamosi iliyofuata. Yuelan alimsimamia kwa mkongojo, akaning'inia kwenye kila kishikio mpaka fundi akaomba amhurumie. Sulian alikuwa jikoni anabandika chai. Mchana Min akaingia, amevaa raba, amekumbatia mablanketi mawili mazito yaliyomfikia puani.

"Moja lingenitosha," Yuelan alisema. "Hilo lingine la nani?"

"Langu." Min aliyatupa kitandani. "Unadhani nitawaacha humu nyinyi wawili peke yenu?"