Maganda ya Mkadi

Mama mkubwa Dorcas aliokota ganda moja la kokwa ya mkadi kwenye majivu, akalipuliza vumbi. "Na hili nalo mtalisaga?"

"Yote, mama. Mashine ya maabara haisomi kitu kizima."

"Kumbe ni kikongwe mwenzangu, haina meno."

Sikucheka. Tulikuwa tumesimama penye jiko la mwisho la mama yangu, kando ya kijito. Kwetu kambi ya marehemu huhamwa, na jina lake halitamkwi. Asubuhi ile tulikuwa tumeifukiza kwa moshi ndipo tukathubutu kuingia.

Pangoni, juu ya kilima, mimi na watafiti wenzangu tulikuwa tukichimba mabaki ya kale tangu kiangazi kilichotangulia. Kila tabaka lilitoa maganda kama yale, yaliyotupwa motoni na wanawake waliobangua kokwa maelfu ya miaka iliyopita, wakati bahari ingali mbali na nchi yetu. Mkadi hunywa mvua ya mwaka wake na kuacha alama yake gandani. Lakini huwezi kuisoma alama hiyo bila kipimo, yaani maganda ya mwaka ambao mvua yake inajulikana. Mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa kwetu ni ile iliyolizoa daraja la kijito. Watu wote walihamia juu. Mama akakaidi, akabaki na kokwa zake, akalowa, kifua kikambana, akafa msimu uleule. Bila jiko lake maganda ya pangoni yangebaki bubu. Nami sikuwa na kumbukumbu nyingine ya mikono yake. Nilitamani mama mkubwa akatae.

Aliligeuza lile ganda kiganjani. "Wale wa pangoni nao waliacha watoto," akasema. "Mbona maganda yao uliyasaga bila kulia?"

Niligeuka nikatazama kilimani.

"Chukua. Ila acha moja palepale, mwenye jiko ajue waliokuja ni wa nyumbani."

Miezi ikapita. Watu wa maabara waliniuliza sampuli ile iitweje. Nikawaomba waiache bila jina. Mchoro wa mvua, wenye nukta kwa kila jiko, ulipofika nilimpelekea mama mkubwa, nikautandaza mapajani pake. Nukta za watu wa kale zilitapakaa, nyingine chini kabisa, kwenye karne za ukame ambazo sijui walizivukaje. Moja ilikaa juu, peke yake.

Sikumwambia ni ya nani. Aliifunika kwa kidole, asikiondoe hata chai ilipoletwa.

"Nilimwambia atoke mvuani," akasema.