Alama Ishirini Alizozikataa

Chumba changu cha nyuma, kile kinachotazama ua wa kanisa, nimekuwa nikikipangisha kwa wanafunzi tangu mume wangu alipofariki. Mwaka ule aliyekaa humo alikuwa Iskra, msichana kutoka Bulgaria, aliyeletwa hapa Italia na mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Alifika Septemba, kabla ukungu haujashuka mjini, akiwa na sanduku moja na shada la pilipili nyekundu kavu ambazo mama yake alikuwa amezitunga kwenye uzi. Alitakiwa kuondoka mwisho wa Julai, na kabla ya hapo afaulu mitihani mitatu. Chuo cha kwao kilimwambia wazi: ukirudi umefaulu yote mitatu, unaingia mwaka wa mwisho, ukipungukiwa hata mmoja, ufadhili unakatika. Baba yake alikuwa mgonjwa wa mapafu, mama yake akishona viatu kiwandani. Ufadhili ukikatika, masomo nayo yamekwisha. Hayo alituambia mezani juma la kwanza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akiomba chumvi.

Kufikia Mei alikuwa amefaulu miwili. Ulibaki wa Sheria ya Kirumi, wa Profesa Malinverni. Mtihani wa namna hiyo hauandikwi. Mwanafunzi huketi mbele ya profesa, akaulizwa, akajibu, mlango ukiwa wazi, na apendaye huketi nyuma akasikiliza. Alama ya juu ni thelathini. Ya kufaulia, kumi na nane.

Siku moja kabla ya mtihani, nilisonga ugali wa mahindi na kuuyeyushia jibini juu. Binti yangu Ludovica, ambaye naye alisoma sheria, alimleta mwenzake Ruggero, kijana aliyekuwa na kipaji cha kufika chakula kikiwa kinapakuliwa.

"Mama, ugali huu ningeupa thelathini na pongezi juu," alisema Ruggero, mdomo umejaa.

"Na wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufelisha kwa ulafi," nikamjibu.

Iskra hakuwa anakula. Ludovica akamsukuma bega. "We, kula bwana! Malinverni haumi."

"Anauma," Ruggero akadakia, "ila meno yamebaki machache."

"Nikipata kidogo je?" Iskra aliuliza.

"Kidogo ngapi?"

"Kumi na tisa. Ishirini."

Ludovica aliweka uma chini. "Ukipewa ishirini, unakataa. Unamwambia, asante Profesa, nitarudi. Hakuna anayetembea na ishirini ya Sheria ya Kirumi, shoga. Inakuchafulia wastani mpaka siku ya kuhitimu."

"Kwani mtu anaruhusiwa kukataa?"

"Hiyo ni haki yako! Mimi nimeshakataa mara tatu. Unarudi kikao kingine cha mitihani, unapata ya maana. Muulize Ruggero."

"Mimi hawanipi cha kukataa," alisema Ruggero. "Wananipa kumi na tano, wananionyesha mlango."

Tulicheka sote, Iskra naye. Mimi niliyepata cheti cha darasa la nane kwenye masomo ya jioni, nikiwa tayari ni mama, niliona ni jambo la ajabu na la fahari kwamba mtu anaweza kukaa mbele ya profesa na kumwambia hapana.

Kesho yake Iskra alirudi ameinua mabega kama aliyetua mzigo. Alikuwa amejibu vizuri mwanzoni, kisha akakwama kwenye swali la tofauti kati ya kumiliki kitu na kukishika tu mkononi. Profesa alimwambia, "Ishirini. Unakubali?" Naye akajibu kwa Kiitaliano safi, "Nashukuru, Profesa. Nitarudi." Profesa alimtazama juu ya miwani, akasema, "Upendavyo," akamgeukia mwenzake aliyeketi naye ili aandike.

Ludovica alimbusu mashavu yote mawili. "Sasa umekuwa mtu wa hapa!"

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni nikimenya maharage mabichi, Iskra akaingia na kusimama karibu na jokofu. Alikuwa ametoka ofisi ya wanafunzi, alikokwenda kujiandikisha kwa kikao cha Julai.

"Mama, wamenikatalia. Kwa profesa huyu, ukikataa alama, unaruka kikao kimoja. Nafasi yangu ni Septemba."

Nilimwita Ludovica, ambaye alitoka chumbani nywele zikidondosha maji.

"Ee, si ndiyo kanuni yake," alisema. "Kila mtu anaijua hiyo. Unarudi tu Septemba, una..."

Hapo aliketi kwenye kiti bila kuangalia kama kina kitu juu yake. Hakuwa amemficha mwenzake neno. Ni kwamba maishani mwake hakujawahi kutokea kikao ambacho hakikufuatiwa na kingine.

Tulikwenda kwa profesa, sisi watatu, maana Iskra aliomba awepo mtu mzima. Profesa Malinverni hakuwa mtu mbaya. Alituvutia viti yeye mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho.

"Binti, kama alama hizo zingekuwa mfukoni mwangu ningekupa sasa hivi," alisema. "Lakini ulikataa mbele yetu wawili, na kikao kimefungwa. Nikikufungulia wewe, nitawaambia nini wengine wote waliokataa?"

"Profesa, kosa ni langu," Ludovica alisema. "Mimi ndiye niliyemshauri."

"Wewe ulipata ngapi kwangu?"

"Ishirini na tisa."

"Baada ya kukataa?"

"Baada ya kukataa."

Alitikisa kichwa bila hasira. "Basi kwako ulikuwa ushauri mzuri."

"Na Septemba?" Iskra aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Septemba hutakuwa tena mwanafunzi wetu."

Iskra alikiomba chuo cha kwao kimwongezee muda. Walimjibu kwa adabu kwamba tarehe haisogezwi.

Julai iliingia na joto lake na mbu wa mashamba ya mpunga. Kila asubuhi Iskra aliketi dirishani na kitabu kilekile. Nilimuuliza anasomea nini. Akasema hajui kitu kingine cha kufanya asubuhi. Siku ya kikao alivaa blauzi nyeupe na kuchana nywele.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kusikiliza. Mlango si uko wazi kwa kila mtu?"

Sikuona vyema aende peke yake. Nilichukua mkoba wangu, tukaenda, tukaketi safu ya nyuma. Mbele alikuwa kijana mwenye miwani ya jua kichwani, naye akaulizwa tofauti ya kumiliki na kushika. Alianza, akajikwaa, akaanza upya. Kando yangu midomo ya Iskra ilikuwa ikicheza. Alijibu swali lote kwa mnong'ono, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi sikuelewa maneno, lakini sikumsikia akisita hata mara moja.

"Kumi na nane," profesa alimwambia yule kijana. "Unakubali?"

"Nakubali, Profesa, tena andika upesi kabla hujajuta!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, profesa akiwamo. Kisha akainua kichwa kutafuta anayefuata, macho yake yakaangukia safu yetu.

"Ni wewe, binti?" Halafu akamtambua, na kicheko kikamtoka usoni.

"Hapana, Profesa," Iskra alisema. "Mimi nasikiliza tu."

Tulikaa mpaka mwanafunzi wa mwisho.

Jumamosi tulimsindikiza kwenye basi la kwao. Ludovica hakutaka kuja, nilimlazimisha. Alisimama mlangoni pa basi, akilia.

"Nitukane basi, Iskra. Nichukie, nitapata nafuu."

"Nimejaribu," Iskra alisema. "Ulinitakia yale unayojitakia mwenyewe. Sasa nitakuchukia kwa lipi?"

Dereva alipiga honi, Iskra akapanda. Kufikia majira ya baridi alikuwa akishona viatu zamu ya mchana, meza moja na mama yake.