Salha na Lori la Farkwa

Salha alikuwa katika siku ya sitini na mbili ya eda aliposikia stata ya lori ikigonga "tak" uani, kisha kimya.

Nyumba yao ya Kizota, Dodoma, ilikuwa na ua mmoja, na ua huo ndio uliokuwa karakana. Marehemu mumewe, Mohamedi, alikuwa fundi umeme wa magari; Hanifu, mdogo wake Mohamedi, alikuwa fundi injini. Wateja hawakujua kwamba kwa miaka kumi na tisa stata nyingi zilizopona pale zilisukwa waya na Salha, juu ya mkeka wa chumba cha nyuma, huku mumewe akimsimulia jinsi kila gari lilivyougua. Sasa Mohamedi alikuwa chini ya udongo, na mjane mwenye eda hatoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

Asubuhi ile Hanifu alikuwa amesema mbele ya mama yake bila kuficha. Lori likishindikana mpaka alasiri, mwenyewe alivute akatafute fundi kwingine, na ua huo atampa mfanyabiashara wa mitumba aliyekwisha kuuliza mara mbili.

"Umeme ulikuwa wa kaka," alisema. "Mimi siuwezi. Sitaki kudanganya watu."

Salha alikaa nyuma ya pazia la dirisha, akasikiliza.

Lori lilikuwa kuukuu, la jeshi. Wakulima wa Farkwa walikuwa wamechanga wakalinunua mnadani mwaka ule wa tisini na mbili, maana ushirika ulikuwa umeacha kuwafuata, na alizeti yao ilikuwa inaozea ghalani ikingoja wanunuzi binafsi wanaokuja wanapojisikia. Mwenyekiti wao, Paskali, ndiye aliyekuwa amekaa kwenye usukani akibonyeza.

Tak. Kimya.

"Betri hizo," Paskali alisema.

"Betri nimezichaji jana kutwa," Hanifu alisema. " Na stata nimeishusha mara tatu. Nikiipa moto wa betri hapa chini inazunguka kama pia."

"Chini nzima, juu gonjwa? Basi hilo ni shetani la jeshini."

"La jeshini lingepiga saluti kwanza," Hanifu alijibu. "Bonyeza tena."

Salha alimgeukia mkwewe, Bi Sikudhani, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. "Mama, mwambie Hanifu awashe taa za mbele, kisha waibonyeze stata. Aangalie kama taa zinafifia."

"Sauti ya mwenye eda haifiki uani, mwanangu."

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Bi Sikudhani aliendelea kuchambua. Mohamedi alikuwa kifungua mimba wake, na tangu mazishi hakuwa amekanyaga upande ule wa ua wenye vyuma. Zikapita "tak" mbili. Akaweka ungo chini, akajitanda khanga, akatoka. Salha alimsikia Paskali akimwamkia shikamoo, kisha minong'ono, kisha kandambili zikarudi.

"Hazififii hata kidogo," alisema. "Zinakodoa tu macho."

Kwa hiyo betri zilikuwa na nguvu, ila nguvu hiyo haikuifikia stata, au ilifika ikakosa njia ya kurudi. Salha alikuwa bado analipima hilo moyoni aliposikia Paskali akipiga kidoko kikali cha ulimi, cha lugha ya kwao, kama kijiti kikavu kinachovunjwa.

"Nini tena?" Hanifu aliuliza.

"Kamba hii ya kuzimia injini. Imeniunguza."

"Jua hilo, mzee. Dodoma hii."

Salha alisimama. Kamba ya kuzimia ni waya mtupu wa chuma, unaotoka mbele ya dereva hadi kwenye injini. Umeme hauna kazi nayo. Ikipata moto, umeme umekosa barabara, sasa unapita uchochoroni.

"Mama, rudi. Wachukue taa ya kupimia. Mguu mmoja waugusishe kwenye injini, mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Paskali abonyeze. Hapo taa haitakiwi kuwaka."

"Na ikiwaka?"

"Ugonjwa tumeukamata: umeme hauna njia ya kurudi betrini."

Safari hii Bi Sikudhani hakuchelewa. Salha alimsikia akiamuru kwa sauti ya mtu anayegawa pilau harusini: mguu huu hapa, ule kule, wewe bonyeza, nimesema bonyeza. Tak.

"Inawaka!" alipaza sauti kutoka uani, wala hakurudi ndani kuisema.

Hanifu alikuja mwenyewe dirishani. Alisimama ubavuni mwa pazia, uso ameuelekeza ukutani kwa adabu. "Shemeji, taa imewaka kweli. Lakini mkanda wa waya unaofunga injini kwenye chesisi upo, nimeukaza mwenyewe. Unaonekana mpya kabisa."

"Waulize wamelifanya nini tangu lilipowaka mara ya mwisho."

Paskali aliposikia alikaribia kuudhika. Hawakulifanya kitu. Lilitoka mnadani likiunguruma lenyewe hadi kwa ndugu yake anayekaa Miyuji, likakaa pale wiki mbili likipakwa rangi tu. Karatasi ya mnada ilikataza rangi ya jeshi kuonekana popote, nao hawakutaka kusumbuliwa na askari barabarani.

"Tulipaka bluu mara mbili," alisema kwa fahari. "Mpaka chesisi. Hata hiyo mikanda ya waya tuliifungua, tukapaka chini yake, tukakausha, tukaifunga tena. Kijani hukioni hata kwa tochi."

"Mngepaka na matairi," Hanifu alisema.

"Rangi iliisha."

Salha aliangua kicheko, cha kwanza tangu msiba, akakifinyia kwenye ncha ya khanga. "Shemeji," alisema kupitia pazia, "umeme haupenyi rangi. Fungua huo mkanda, piga msasa chini yake mpaka chuma kiwe cheupe, ufunge. Na ule wa betri pia."

Msasa ulikwaruza muda mrefu. Salha aliufuata kwa masikio, na vidole vyake vikawa vinajisugua vyenyewe. Spana ikakaza. Paskali akapanda.

Hapakuwa na "tak". Stata ilivuta mara moja, mara mbili, na lori likapiga ngurumo iliyotikisa vikombe kabatini na kumwaga vumbi la dari juu ya mchele. Moshi ukapenya pazia. Bi Sikudhani alipiga kigelegele, akakumbuka nyumba ina msiba, akaziba mdomo. Halafu akautoa mkono, akapiga kingine kirefu kuliko cha kwanza.

Paskali alilizima, akaliwasha. Akalizima, akaliwasha tena, mara tano, bila sababu yoyote ila kulisikia.

Lilipokwisha kushika njia ya Farkwa, Hanifu alirudi ubavuni mwa dirisha, mikono imejaa unga wa bluu.

"Yule wa mitumba alikuwa getini."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ua una kazi." Akapangusa mikono. "Kuna basi la Nzuguni halichaji tangu Jumatatu. Nililikataa. Nikaliite?"

"Bado siku sitini na nane sijatoka humu, shemeji."

"Kaliite," Bi Sikudhani alidakia akipepeta vumbi kwenye mchele. "Miguu ninayo mimi."