Wateja Waliofuata Viti

Nilikuwa nimeshashika barabara ya Nyanza-Lac, nasukuma baiskeli yenye viti sita nilivyochonga mwenyewe. Niliapa kwamba mji usionunua kazi ya mikono yangu nauhama, hata ukiwa Rumonge ninakoishi na ninakopenda. Kwenye maonyesho ya pale ziwani, wateja wa Zena, mama anayechoma samaki wa mukeke, walivikalia viti vyangu tangu asubuhi. Mnunuzi akija haoni kiti, anaona makalio. Nikawainua, nikaondoka.

“Muzee Nestori, simama! Sijamaliza kula!”

Alikuwa Alimasi, mmoja wa wateja wale, sahani mkononi, na wenzake watano nyuma. Akafungua kamba, akashusha kiti, akakaa kando ya barabara. Wenzake wakafanya vilevile.

Zena akafika mbio. “Wewe muzee, unanihamishia wateja na sahani zangu?”

“Nimehamisha viti, mama. Wateja wamejileta.”

“Virudishe!”

“Vinunue.”

“Ninunue vitu vilivyokuwa kwangu tayari?”

Alimasi akaomba pilipili. Zena akafungua pindo la kitenge, akanilipa viti vyote sita.

Zena bado anachoma mukeke. Alimasi bado amekaa. Mimi niko Rumonge, namchongea Zena benchi, na kuku wanalala juu ya baiskeli.